Samaki Aliyeandikwa: Uhakiki wa Fani ya Andiko la Cirrhilabrus wakanda

Julai 2019 jarida la kisayansi la ZooKeys lilichapisha andiko fupi kuhusu samaki mmoja wa matumbawe ya Zanzibar, mdogo wa kutosha kulala kwenye kiganja. Jina alilopewa ni Cirrhilabrus wakanda. Waandishi walikuwa wanne: Yi-Kai Tea, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sydney, pamoja na Hudson Pinheiro, Bart Shepherd na Luiz Rocha wa California Academy of Sciences iliyoko San Francisco. Magazeti na mitandao ililidaka jina, ikalioanisha na filamu ya Black Panther, ikaendelea na habari nyingine. Andiko lenyewe lilibaki mikononi mwa wataalamu wa samaki.

Hapa tutalisoma kwa jicho la mhakiki wa fasihi, kwa maswali yale yale tunayoyauliza mbele ya shairi au hadithi: nani anazungumza, anaanza na nini, kipi kinasemwa kwa urefu na kipi kinapitiwa, na kila sehemu inafanya kazi gani. Rai yangu ni kwamba andiko la kutangaza spishi mpya ni utanzu uliokamilika, na ukali wa fani yake ndio nguvu yake, kwa kuwa karibu kila sentensi imewekwa ili msomaji wa miaka mia ijayo aweze kuipima na kuipinga. Ndani ya utanzu huo kuna aya moja tu isiyobanwa na kanuni, aya ya asili ya jina. Hapo ndipo mwandishi anapoonyesha anakotazama, na hapo ndipo andiko hili linapoteleza.

Arudhi ya utanzu

Mtunzi wa shairi la kimapokeo akikosea mizani, shairi lake huitwa guni. Andiko la spishi mpya nalo lina masharti yasiyosamehe, nayo yamo katika Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama. Kwa kanuni hizo, majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia 1 Januari 1758, tarehe waliyokubaliana kuwa ya toleo la kumi la Systema Naturae, kitabu cha Mswidi Carl Linnaeus. Jina lililotolewa baada ya 1930 halina nguvu mpaka liambatane na maelezo ya maneno yanayomtenga mnyama huyo na wenzake, au rejea ya maelezo kama hayo. Baada ya 1999 likaongezwa sharti kwamba mwandishi aseme waziwazi kuwa jina ni jipya na ataje kielelezo kitakacholibeba. Na tangu 2012, andiko linalotoka kwa njia ya kielektroniki linakubalika iwapo limesajiliwa katika daftari la ZooBank.

Sharti la maneno ndilo linalopaswa kumvutia mhakiki. Kabla ya 1931 mchoro wenye jina chini yake uliweza kutosha. Leo, wakati kamera inaweza kuonyesha kila gamba na maabara inaweza kusoma DNA ya samaki kutoka kipande kidogo cha nyama, sheria bado inadai sentensi. Sababu yake ni ya kifasihi kabisa. Picha huonyesha kila kitu kwa mara moja, wala haisemi kipi kina maana. Ukiiona picha ya samaki mwenye mstari mweusi juu ya pezi, hujui kama mstari huo ni alama ya spishi nzima, au ni ya madume tu, au ni jeraha la yule mmoja. Maneno hulazimika kuchagua, na kwa kuchagua yanajiweka mahali pa kuhojiwa.

Sharti la kielelezo nalo lina athari ya kifani. Kwa kawaida katika andiko la namna hii huteuliwa samaki mmoja kuwa holotipu, yaani mwili ambao jina limefungwa kwake moja kwa moja. Wengine waliochunguzwa pamoja naye huitwa paratipu. Kwa hiyo hadithi hii ina mhusika mkuu mmoja, naye ni maiti ndani ya chupa ya spiriti katika makumbusho. Samaki wengine wote wa aina yake wanaoogelea baharini leo hubeba jina hilo kwa sababu tunaamini wanafanana naye. Atakayetilia shaka atakwenda kuifungua chupa. Ni tanzu chache za maandishi zinazomwekea msomaji shahidi rafuni, pamoja na namba ya kumfikia.

Kichwa na msomaji wake

Kichwa cha andiko, tukikiweka kwa Kiswahili, kinamtaja Cirrhilabrus wakanda, kinasema ni spishi mpya, kinasema anatoka katika mifumo ya ikolojia ya mwanga hafifu, kisha kinafunga kwa mahali: Zanzibar, Tanzania, Afrika. Mwishoni, katika mabano, yanafuata majina ya ngazi za juu, likiwamo Labridae, kumweka samaki huyu katika familia ambayo wataalamu wengi siku hizi huwaingiza humo hata pono wetu.

Maneno "spishi mpya" katika kichwa hicho hayaelezi, yanatenda. Tamko la kadhi hufungisha ndoa kwa kutamkwa, na tamko hili nalo huumba jina kwa kuchapishwa. Kabla yake kulikuwa na samaki, lakini hakukuwa na Cirrhilabrus wakanda. Baada yake jina lipo, na majina ya watamkaji pamoja na mwaka hubaki yameambatana nalo katika uandishi rasmi: Cirrhilabrus wakanda Tea, Pinheiro, Shepherd & Rocha, 2019. Hata alama za uandishi zina maana hapo. Spishi ikihamishiwa jenasi nyingine, majina ya waandishi na mwaka huwekwa ndani ya mabano, na msomaji aliyezoea huelewa mara moja kwamba samaki huyu aliwahi kukaa nyumba nyingine. Changu mwenye doa jeusi ubavuni, Lethrinus harak (Forsskål, 1775), ana mabano hayo, maana Forsskål alimweka kwanza katika jenasi Sciaena.

Sasa turudi kwenye zile ngazi tatu za mahali. Zanzibar inatosha kumwonyesha mtu ramani. Tanzania inaweka mamlaka ya nchi. Neno la tatu, Afrika, linafanya kazi gani? Mtaalamu wa samaki anayelisoma jarida la ZooKeys hahitaji kuambiwa Tanzania iko bara gani. Huenda ni mazoea tu ya kupanga mahali kutoka dogo hadi kubwa. Lakini mwaka 2022 Tea na Rocha walitangaza samaki mwingine wa jenasi hiyo hiyo kutoka Maldives, na katika kichwa cha andiko hilo Maldives imesimama peke yake, bila Asia. Neno dogo kama hilo humchora msomaji anayekusudiwa: mtu anayeiona Zanzibar kwa mbali, kupitia bara zima. Tulikumbuke, kwa sababu aya ya jina italirudia.

Utambuzi: hoja dhidi ya jirani

Katika utanzu huu kuna sehemu mbili ambazo msomaji wa haraka hudhani zinarudiana. Ya kwanza ni utambuzi, ya pili ni maelezo. Maelezo husema samaki huyu yukoje. Utambuzi husema kwa nini yeye si yule mwingine.

Tofauti hiyo ni kubwa. Utambuzi hauwezi kuandikwa kumhusu samaki mmoja. Kila sifa inayotajwa humo, iwe idadi ya magamba, urefu wa pezi la tumboni au mpangilio wa rangi, imetajwa kwa sababu kuna jirani asiyekuwa nayo. Jenasi Cirrhilabrus ina spishi kama 60, zinazoishi kutoka Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, na nyingi hutofautiana kwa mambo madogo. Kwa hiyo nyuma ya kila kirai cha utambuzi kuna umati wa samaki wasiotajwa ambao mwandishi amewapitia mmoja mmoja. Kinachofanana na utambuzi katika fasihi yetu ni shairi la kujibizana, ambalo huwezi kulionja kikamilifu bila kulijua shairi linalojibiwa.

Udhaifu wa majirani basi huwa udhaifu wa andiko. Mmojawapo wa jamaa waliofananishwa na samaki wa Zanzibar ni Cirrhilabrus rubrisquamis, ambaye John Randall na Alan Emery walimtangaza mwaka 1983 kutoka visiwa vya Chagos. Walikuwa na kielelezo kimoja, tena cha samaki mchanga. Katika jenasi hii samaki hubadilika sana akikua: huanza maisha ya utu uzima akiwa jike, na baadhi yao baadaye hugeuka dume na kuvaa rangi nyingine kabisa. Andiko lililosimama juu ya mtoto mmoja lilikuwa sahihi kwa kile lilichokiona, ila liliacha mlango wazi. Kwa miaka mingi samaki wakubwa waliopatikana Maldives waliingizwa humo na kuitwa rubrisquamis, kwa kuwa hakuna aliyejua rubrisquamis mkubwa wa Chagos anafananaje.

Andiko la 2022 ndilo lililoupitia upya ushahidi huo, likamtenga samaki wa Maldives na kumpa jina lake, Cirrhilabrus finifenmaa. Kichwa chake kinasema pia kwamba litatoa maoni kuhusu utambulisho wa rubrisquamis na wakanda. Hapo fani inafanya kazi iliyokusudiwa. Waandishi wawili kati ya wanne wa 2019 wanarudi miaka mitatu baadaye, wanaliita andiko lao wenyewe kizimbani, wanalipima upya kwa vipimo vile vile. Andiko linaloficha vipimo vyake haliwezi kuitwa kizimbani.

Sentensi zisizo na vitenzi

Tukifika kwenye maelezo tunakutana na mtindo ambao mwalimu wa insha angeukwaruza kwa wino mwekundu. Vitenzi vimetoweka. Nukta mkato zimetawala. Kwa Kiswahili mtindo huo ungesikika hivi: mwili wa wastani, bapa ubavuni; kinywa kidogo, mbele ya kichwa, mshazari; meno ya mbele makubwa, yenye ncha; mstari wa ubavuni wenye vipande viwili. Hakuna "samaki huyu ana", hakuna "tunaona kwamba". Sifa zinapangwa kutoka kichwani kwenda mkiani, kwa utaratibu ule ule uliozoeleka kwa samaki wa kundi hilo.

Utaratibu huo una sababu. Mtu anayelinganisha maandiko kumi ya spishi kumi hasomi kutoka juu kwenda chini. Anasoma kwa kukata katikati: anatafuta mstari wa pezi la mgongoni katika yote kumi, kisha mstari wa magamba ya shavuni. Kitenzi kingemchelewesha, na ubunifu wa mpangilio ungempoteza. Huo ni ukavu wa makusudi, adabu kwa msomaji ambaye samaki wake yuko mezani na kibano kiko mkononi.

Tuisogelee fomula ya mapezi. Pezi la mgongoni la Cirrhilabrus huandikwa kwa kawaida XI,9. Namba ya Kirumi huhesabu miiba migumu, namba ya kawaida huhesabu miale laini, na mkato uliopo kati yao huonyesha kwamba miiba na miale viko katika pezi moja lisilokatika. Alama nne tu zimebeba idadi, ugumu, mpangilio na uhusiano. Mtungaji wa mafumbo angetamani ufupi wa namna hiyo, isipokuwa hapa fumbo halikusudiwi kumchelewesha mtu. Anayejua kuhesabu anaweza kumwinua samaki, kuhesabu mwenyewe, na kusema mwandishi amekosea.

Vipimo vya urefu vina busara yake pia. Samaki hapimwi mpaka ncha ya mkia, kwa sababu mkia huchanika kwenye wavu na husinyaa kwenye spiriti. Hupimwa kutoka ncha ya pua hadi pale mifupa ya uti inapoishia kwenye shina la mkia, na vipimo vingine vyote hutolewa kama asilimia za urefu huo. Samaki mkubwa na mdogo wanaweza kulinganishwa hivyo bila ukubwa kuleta utata. Picha nayo ina itifaki: samaki hulazwa akitazama kushoto, mapezi yakiwa yamekunjuliwa kwa pini na kupakwa formalini ili yasimame. Ndiyo maana ubavu wa kushoto huachwa mzima, na kipande cha nyama kwa ajili ya DNA hukatwa kulia. Hata mwili wa samaki una upande wa kusomwa.

Rangi katika nyakati tatu

Kama andiko hili lina kilele, ni sehemu ya rangi. Hapa wakati unaingia katika maandishi ambayo mpaka sasa hayakuwa na wakati. Waandishi wa utanzu huu hueleza rangi ya samaki akiwa hai, rangi yake punde baada ya kutolewa majini, na rangi yake baada ya kukaa kwenye spiriti, na kwa samaki wa jenasi hii dume na jike hupewa maelezo tofauti.

Kwa kawaida mfululizo huo ni simulizi la kupoteza. Spiriti huyeyusha nyekundu, njano na waridi. Samaki aliyekuwa na rangi sita anabaki na hudhurungi ya kufifia, na mwandishi hana budi kuandika hivyo hivyo, bila kulalamika, kwa sababu huyo wa hudhurungi ndiye atakayebaki kwenye chupa kama ushahidi.

Cirrhilabrus wakanda anavunja mazoea hayo. Magamba yake yana mpaka wa zambarau iliyokolea, na mipaka hiyo ikiungana hufanya wavu wa minyororo ubavuni. Zambarau hiyo haiondoki kwenye spiriti. Jamaa zake wengi hupoteza mapambo yao, yeye hubaki nayo. Kwa mtalii hilo ni jambo la kupendeza. Kwa utanzu huu ni jambo zito zaidi, maana rangi inayofifia ni kumbukumbu ya mpiga picha, lakini rangi inayodumu inaweza kuingia kwenye utambuzi na kukaguliwa na mtu ambaye hajawahi kuzama Zanzibar. Andiko linaitumia zambarau hiyo kwa nafasi yake hasa: linaionyesha kwenye picha, linaitaja kwenye maelezo, linaisimamisha kama hoja. Hapa uzuri na uthibitisho ni kitu kimoja, na waandishi wamefanikiwa kuliko mahali pengine popote katika andiko lao.

Nani amezama?

Andiko linasema samaki huyu anaishi kwenye kina cha mita 50 hadi 80. Tarakimu hizo mbili zimeficha kazi kubwa. Mzamiaji wa kawaida wa kitalii anashauriwa asivuke mita 40 hivi. Chini ya hapo nitrojeni iliyomo hewani humlevya mtu, na oksijeni yenyewe inaweza kuwa sumu. Wanasayansi wa California Academy of Sciences huenda huko kwa mitambo inayochuja pumzi na kuizungusha tena, wakivuta mchanganyiko wenye heliamu. Dakika chache za kutafuta samaki kule chini hulipiwa kwa saa za kupanda polepole, ili gesi itoke mwilini bila kuleta madhara. Ukanda huo wa mwanga hafifu ni wa kina kirefu mno kwa mzamiaji wa mtungi wa kawaida, na watafiti wengi wa zamani waliuruka wakitafuta vilindi vya mbali zaidi.

Hakuna lolote la hayo linalopewa nafasi katika maelezo ya spishi. Kauli ya kutendwa imetawala: kielelezo kilikusanywa, vipimo vilichukuliwa. Mwandishi wa riwaya angeona hasara hapo, lakini mimi naona adabu. Hatari aliyoipitia mkusanyaji haimfanyi samaki awe spishi mpya zaidi, na utanzu unaojaribu kuthibitisha jambo hufanya vema ukimwondoa shujaa.

Ila mkasi huo hukata pande zote. Ukimwondoa shujaa, unamwondoa pia nahodha anayeujua mkondo wa maji kati ya miamba, mvuvi anayejua mwamba unaanzia wapi kushuka, na ofisi iliyotoa kibali. Katika utanzu huu watu hao, wakitajwa, hutajwa kwenye shukrani, nje ya mwili wa hoja. Mstari wa mahali hubakia na jina la kisiwa, kina, tarehe na majina ya waliokusanya. Mahali panakuwa nukta kwenye ramani. Fani haikusudii ubaya, imetimiza lengo lake tu. Lakini kwa sababu hiyo mzigo wote wa kumbukumbu ya mahali na watu unaegemea kwenye aya moja iliyobaki huru.

Aya ya jina

Kanuni hazidai mengi kwa jina. Liandikwe kwa herufi za Kilatini, lisiwe limeshatumika katika jenasi hiyo, lifuate sarufi. Mengine ni hiari ya mwandishi, na jina likishachapishwa halibatilishwi kwa kuwa halifai. Hata mtu akithibitisha kuwa halina uhusiano wowote na mnyama, litabaki.

Waandishi wanaeleza kwamba Wakanda ni nchi ya kubuni ya Afrika katika vibonzo na filamu za Marvel, iliyojificha mbali na macho ya dunia, na kwamba samaki huyu naye alikuwa amejificha miongoni mwa jamaa zake wa Afrika Mashariki. Wavu wa zambarau uliwakumbusha vazi la Black Panther, shujaa wa filamu hizo, na nakshi za nguo za Wawakanda, na jina la kawaida wakalitoa kwenye vibranium, madini ya kubuni ya nchi hiyo. Nchi hiyo ilibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani wawili, mwaka 1966. Filamu iliyoipa umaarufu wa dunia ilitoka 2018, mwaka mmoja kabla ya andiko.

Kwanza tuwape haki yao. Hawakulifuta jina la mvuvi yeyote. Samaki mdogo hivi, katika kina hicho, haingii kwenye dema wala hadaki ndoana ya mshipi wa changu, na sina sababu ya kudhani alikuwa na jina Unguja. Pili, aya hiyo ina uhai. Baada ya kurasa za asilimia, tunakutana na watu waliokwenda sinema wakafurahi. Jina lilimfikisha samaki huyo kwa watoto wasiojua kabisa maana ya Labridae. Tatu, kisa cha vazi kimeegemea kwenye zambarau, yaani kwenye ushahidi wenyewe.

Tatizo liko kwenye nusu nyingine ya hoja, ile ya kujificha. Kila mahali pengine andiko hili halikubali sifa isiyopimika. Hapa ghafla linakubali. Amejificha kwa nani? Mwamba huo uko karibu na mojawapo ya pwani zilizosafiriwa zaidi katika Bahari ya Hindi, zilizoandikwa na kufanyiwa biashara kwa karne nyingi. Kilichojificha ni kina, na kina kipo chini ya kila mwamba wa dunia. Aya inahamisha sifa ya kina kwenda kwa bara, na kwa kufanya hivyo inalirudia lile neno la tatu la kichwa. Zanzibar, iliyompa samaki makazi, haikuchangia hata silabi moja. Badala yake imechukuliwa Afrika ya kubuni ambayo watu wake, katika filamu, huzungumza Kixhosa. Na kuna kosa la muda pia. Sehemu nyingine zote zimeandikwa ili zisomeke karne ijayo bila msaada. Aya hii itahitaji tanbihi mapema kuliko zote.

Utanzu ule ule, aya tofauti

Mtu anaweza kusema sayansi haina wajibu wa kuitunza lugha ya mahali. Ni kweli haina. Lakini utanzu wenyewe umeonyesha kwamba unaweza, tena tangu zamani. Peter Forsskål alikwenda Bahari ya Shamu na msafara wa Denmark, akafariki Yemen mwaka 1763 kabla ya kuchapisha. Carsten Niebuhr akachapisha kazi yake mwaka 1775. Forsskål aliwauliza wavuvi Waarabu, na majina yao akayaingiza kwenye sayansi, ndiyo maana mpaka leo samaki wa miamba yetu wanaitwa harak, bohar na ghobban katika vitabu vya dunia nzima.

Mfano wa nyumbani ni kima wa milima ya Rungwe, aliyetangazwa 2005. Wanyakyusa walikuwa wakimwita kipunji, na taarifa zao ndizo zilizowapa watafiti fununu. Jina hilo likawa la kisayansi, na miongoni mwa waandishi wa tangazo walikuwamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Katika andiko hilo hata sharti la kielelezo lilijaribiwa, kwa kuwa holotipu ilikuwa mnyama aliyepigwa picha, na mzoga ukaja kupatikana baadaye.

Mfano wa karibu zaidi ni yule jamaa wa Maldives. Finifenmaa ni neno la Kidhivehi la waridi. Samaki ana rangi ya waridi, na waridi ndilo ua la taifa hilo. Jina moja limefungwa mara mbili, kwenye mwili wa samaki na kwenye lugha ya visiwa vyake. Mmoja wa waandishi, Ahmed Najeeb, ni Mmaldivi, na samaki huyo anahesabiwa kuwa wa kwanza wa Maldives kutangazwa na mwanasayansi wa nchi hiyo. Fani haikubadilika hata kidogo: XI ni ile ile, asilimia ni zile zile, samaki anatazama kushoto. Kilichobadilika ni nani aliyekaa mezani aya ya jina ilipokuwa ikiandikwa.

Hukumu yangu basi ni hii. Andiko la 2019 ni kazi bora ya utanzu wake: utambuzi wake unapimika, na sehemu yake ya rangi imeugeuza uzuri kuwa hoja bila kupamba. Aya yake ya jina inachangamsha lakini haifikii kiwango cha sehemu nyingine, kwa sababu inaiona Zanzibar kupitia kioo cha sinema. Kosa hilo halifutiki na wala hakuna haja ya kulifuta. Wakanda atabaki wakanda. Dawa iko katika maandiko yajayo. Miamba ya kina ya Pemba, Unguja na Mafia haijapekuliwa ikaisha, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar hapo hapo. Mtaalamu wa taasisi hiyo akiwa mwandishi na si mtu wa kushukuriwa, aya ya jina itajiandika vingine. Na walimu wa Kiswahili wanaofundisha fani na mtindo wasingoje mpaka samaki huyo apatikane. ZooKeys haimtozi msomaji hata senti. Waliweke andiko hili mbele ya wanafunzi, wawaambie waruke habari za magazeti, waanze na sehemu ya rangi, kisha waisome aya ya jina na kuihukumu wenyewe.